Wanataka uache kazi mwenyewe: jibu kwa mama kijacho wa kiwanda cha samaki

Swali

Shikamoo dada. Nafanya kazi kiwanda cha samaki hapa Mwanza, huu ni mwaka wa pili. Mikataba yetu ni ya miezi mitatu mitatu, ukiisha tunasaini mwingine, nakala hatupewi. Nilikuwa meza ya kupanga minofu kwenye maboksi. Mimba yangu ina miezi mitano. Nilipomweleza supavaiza, ambaye naye ni mama, kesho yake nikahamishiwa chumba cha baridi kupokea na kupanga maboksi. Nikalalamika mgongo. Tangu hapo zamu zimepungua: wenzangu wanaitwa siku tano au sita kwa wiki, mimi mbili, naambiwa samaki hakuna. Wiki iliyopita afisa utumishi kaniita, akanishauri kwa upole kabisa niandike barua ya kuacha kazi, nikajifungue salama, nikirudi watanipokea. Mkataba unaisha mwezi ujao. Mume wangu anasema nisigombane na watu, niandike tu. Je, mimi wa mkataba mfupi nina haki yoyote? Na nikidai, si ndiyo nitafukuzwa kabisa?

Mama kijacho, Igogo

Jibu

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa ujauzito. Nianze na la haraka: barua hiyo usiiandike. Usiiandike hata kama umeahidiwa mbele ya mashahidi kwamba utarudi. Usisaini iliyochapwa tayari. Ukiambiwa ni utaratibu tu wa ofisi, omba ukaisome nyumbani. Ukishaisaini, karibu kila ninachokueleza hapa chini kinakuwa kigumu mara mbili.

Sababu ni hii. Mwajiri anayeijua sheria hamfukuzi mjamzito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 37, inasema kwamba jambo linalohusiana na ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. (Namba za vifungu ninazotaja ni za toleo la 2019; ukikutana na nakala mpya yenye namba tofauti usishtuke.) Akikufukuza, yeye ndiye atakayetakiwa kueleza kwa nini. Ukiacha mwenyewe, kwa mwandiko wako, mzigo unakugeukia wewe: utathibitishaje kwamba ulisukumwa? Sheria haijaufunga mlango huo. Mtu aliyeacha kazi kwa kuwa mwajiri alifanya mazingira yasivumilike anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa, na madai ya namna hiyo hushinda mara nyingine. Lakini mengi huangukia kwenye sentensi moja: "naacha kazi kwa hiari yangu kutokana na sababu za kifamilia." Sentensi hiyo mara nyingi haitungwi na mfanyakazi. Anasomewa, yeye anaandika.

Kwa hiyo upole wa afisa utumishi usikuchanganye. Visa vingi vya wajawazito vinavyofika mezani kwangu havina tusi wala mtu kufokewa. Mama anapangiwa kazi ngumu kuliko aliyokuwa nayo, zamu zinapungua, kipato kinashuka, uchovu unazidi, halafu anatokea mtu mwema wa kumshauri akapumzike. Ukiangalia hatua moja moja, kila moja ina maelezo yake. Zikipangwa kwa tarehe ndipo picha inaonekana, na kazi yako kwa sasa ni kuzipanga kwa tarehe.

Sasa swali lako la kwanza. Viwandani kuna imani kwamba mkataba wa miezi mitatu ni kinga ya mwajiri kwa kila jambo, eti mtu akisaini upya anaanza moja kama mgeni. Sheria haihesabu hivyo. Ni kweli kwamba mfanyakazi asiyefikisha miezi sita kazini, kwa kawaida, hana likizo yenye malipo, wala hawezi kufungua madai ya kuachishwa kazi isivyo halali. Ila miezi hiyo inajumlishwa. Kifungu cha 29 kinasema aliyefanya kazi zaidi ya mara moja ndani ya mwaka kwa mwajiri yule yule, na jumla ikazidi miezi sita, anastahili likizo yenye malipo. Kifungu cha 35, kinachohusu kuachishwa, kinataja miezi sita kwa mwajiri mmoja, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Wewe uko mwaka wa pili. Kizingiti hicho umeshakivuka zamani.

Wakikwambia wewe si mwajiriwa bali kibarua wa kulipwa kwa siku, ipo Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004. Kifungu chake cha 61 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo walau dalili moja kati ya zilizoorodheshwa: saa zake zinapangwa na mwingine, vifaa vya kazi anapewa, au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Zamu yako anaipanga nani? Gambuti na ovaroli ni za nani? Na saa 45 kwa mwezi ni zamu tano za saa tisa. Hata kwa hizo siku mbili mbili walizokubakizia, unapita.

Kutokuwa na nakala ya mkataba ni tatizo lao kuliko lako. Mwajiri anatakiwa kukupa masharti ya kazi kwa maandishi, na shauri likifika mbele akashindwa kuyatoa, yeye ndiye anayebeba jukumu la kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa. Wewe tafuta alama nyingine za miaka hiyo: meseji za malipo kwenye simu, kitambulisho cha kiwandani, taarifa ya michango yako NSSF. Hiyo ya NSSF nenda kaiombe mwenyewe wiki hii. Inaonyesha mwezi kwa mwezi ni nani alikuwa anakuchangia, na ikionyesha hakuna aliyekuchangia, hilo nalo ni la kumuuliza mwajiri.

Kisha kuna kifungu cha 7, ambacho kwangu ndicho cha kwanza kukishika. Kinakataza ubaguzi kazini na kinautaja ujauzito kwa jina, sambamba na kabila, dini, jinsi, ulemavu na hali ya ndoa. Hakingoji ufukuzwe. Kinagusa malipo, upangaji wa kazi, upandishwaji, hata maombi ya kazi, kwa hiyo mabinti wanaopimwa mimba getini kabla ya kuandikishwa nao wanalindwa. Na ukishaonyesha dalili za awali kwamba ulitendewa tofauti kwa sababu ya mimba, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba halikutokea, au lilitokea kwa sababu nyingine.

Na sababu nyingine atakayoileta unaijua tayari: samaki hakuna. Hapa nataka ukae nami kidogo, maana hili ndilo linalowaangusha wanawake wengi wa viwanda vya minofu kandokando ya ziwa. Jibu hilo ni gumu kulipinga kwa kuwa mara nyingi ni kweli. Sangara wanapopungua, meza zinapungua, vibarua wanarudishwa getini, na kiwanda kina makaratasi ya mapokezi ya kila siku kuonyesha kilo zilizoingia. Ukienda kubishana kwamba samaki walikuwepo, utashindwa na karatasi zao. Usibishane na samaki. Bishana na mgawanyo. Kama siku zilipungua kwa wote waliokuwa meza yako, huna hoja hapo. Kama wenzako wanne wa meza ile ile, wenye mkataba kama wako, waliitwa siku tano na wewe mbili, na tofauti hiyo ilianza wiki uliyosema una mimba, basi uhaba wa samaki haujibu chochote.

Kwa hiyo nunua daftari. Andika kila siku: tarehe, uliitwa au hukuitwa, nani waliitwa kutoka meza yako ya zamani, nani alikupa taarifa na kwa njia gani. Rudi nyuma ukaandike na zilizopita ukiwa bado unazikumbuka. Kama zamu hutangazwa kwenye grupu la WhatsApp, usijitoe kwenye grupu hilo na usifute kitu. Hifadhi picha za skrini zinazoonyesha tarehe na namba ya mtumaji, umtumie pia mtu unayemwamini ili simu ikiibiwa visipotee. Meseji za simu zinapokelewa kama ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 iliyaweka hayo sawa. Kama ratiba inabandikwa ubaoni nje, piga picha. Lakini usiingie na simu kwenye ukumbi wa uzalishaji kama kiwanda kinakataza kwa ajili ya usafi. Utakuwa umewapa kosa la nidhamu walilokuwa wanalitafuta, na ghafla mazungumzo hayahusu tena ujauzito wako.

Chumba cha baridi ni hoja ya pili, na ni nzito. Kifungu cha 33 kinakataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Kama kazi aliyo nayo ni ya namna hiyo, anatakiwa kupewa nyingine inayofaa, pale inapowezekana, kwa masharti yasiyopungua aliyokuwa nayo. Minofu iliyogandishwa huhifadhiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Sakafu inateleza, maboksi yanainuliwa kutoka usawa wa goti hadi juu ya kichwa, na tumbo linakua kila wiki. Sidhani kuna mtu anayeweza kusema kwa uso mkavu kwamba hiyo ndiyo kazi nyepesi waliyokutafutia. Kwa upande wako "pale inapowezekana" imekaa vizuri sana, maana kazi inayofaa ipo na ulikuwa nayo: meza ya kupanga minofu.

Tukiwa hapo, zamu ya usiku. Kuanzia miezi miwili kabla ya tarehe unayotarajia kujifungua, mwajiri haruhusiwi kukupangia kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Ukiwa na cheti cha daktari kwamba kazi ya usiku haikufai, katazo hilo linaanza mapema zaidi. Baada ya kujifungua ni miezi miwili tena.

Haya yote yanataka karatasi kutoka kliniki, na namna unavyoiomba ina maana kubwa. Wengi hufika wakasema "daktari nimechoka, nipumzishe," wakatoka na ED, yaani ruhusa ya daktari ya kupumzika, ya siku kadhaa. ED inakusaidia kulala. Kwa shauri lako, ED nyingi mfululizo zinaweza kugeuzwa ushahidi kwamba huwezi kazi. Wewe unaiweza kazi, usichoweza ni kunyanyua maboksi kwenye barafu. Kwa hiyo mweleze daktari kazi unayofanya hasa, uzito unaoinua, baridi, muda unaosimama, saa za zamu, kisha umwombe aandike mambo mawili: tarehe unayotarajia kujifungua, na kwamba unafaa kuendelea na kazi nyepesi isiyo ya kubeba mizigo wala chumba cha baridi. Kituo chochote chenye daktari aliyesajiliwa kinatosha, si lazima ufike Sekou Toure au Bugando. Weka nakala. Kadi ya kliniki usimwachie mtu yeyote ofisini, wapige picha wakitaka. Na ukiona damu, maji yanatoka, maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, au mtoto ametulia kuliko kawaida, acha zamu uende hospitali saa hiyo hiyo. Habari za kazi tutazipanga baadaye.

Halafu barua. Sheria inataka umjulishe mwajiri walau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Kwa mimba ya miezi mitano una kama mwezi mmoja mkononi, ila mkataba wako unaisha mwezi ujao, na ninataka barua iwe imefika kabla ya hapo. Kumwambia supavaiza kwa mdomo hakutoshi. Iandike hivi, kwa mkono inatosha, ujaze tarehe zako:

"Meneja Rasilimali Watu,
(jina la kiwanda), Mwanza.

YAH: TAARIFA YA UJAUZITO NA OMBI LA KUREJESHWA KITENGO CHA KUPAKI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfanyakazi wa kitengo cha kupaki tangu (mwezi na mwaka). Nakujulisha kuwa ni mjamzito na natarajia kujifungua (tarehe), kama inavyoonekana kwenye cheti cha daktari nilichoambatisha. Natarajia kuanza likizo ya uzazi (tarehe).

Tarehe (…), siku moja baada ya kumjulisha msimamizi wangu, nilihamishiwa chumba cha baridi. Tangu tarehe (…) siku zangu za kazi zimepungua kutoka (…) hadi mbili kwa wiki. Daktari ameshauri nisifanye kazi ya kubeba mizigo wala ya chumba cha baridi. Naomba nirejeshwe kitengo cha kupaki kwa ujira na idadi ya siku kama awali.

Aidha, tarehe (…) nilishauriwa kwa mdomo niandike barua ya kuacha kazi. Naomba ifahamike kuwa sijaomba na sikusudii kuacha kazi.

Naomba jibu kwa maandishi."

Utaona haina lawama wala vitisho, na vifungu vya sheria sikuvitia makusudi. Atakayeisoma baadaye, awe msuluhishi au jaji, atakuona mtu mtulivu anayetaka kufanya kazi. Ile aya ya kuacha kazi usiiondoe hata wakikuomba. Ndiyo inayoandika yale mazungumzo ya ofisini ambayo wao hawakuyaandika popote.

Toa nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa au isainiwe pamoja na tarehe, nawe uondoke nayo. Wakikataa kupokea, usipayuke. Piga picha barua yote, mtumie afisa utumishi kwa WhatsApp ukiandika "Nimeleta barua hii leo saa fulani, mapokezi wamekataa kuisaini, naomba uipokee hapa." Pia itume kwa posta kwa rejista utunze risiti.

Sasa lile linalokukosesha usingizi, mkataba kuisha mwezi ujao. Sitakudanganya: kwa kawaida mkataba wa muda ukifika mwisho unaisha wenyewe, na mwajiri halazimiki kueleza. Hapa ndipo waajiri wengi huwa wameweka matumaini yao wanapokuzungusha kwa maneno. Lakini sheria inaweka pembeni hali moja: kama mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba mkataba utaongezwa, na usipoongezwa, kutouongeza kunahesabika ni kumwachisha kazi. Matarajio hayo yanajengwa na vitendo. Mkataba uliosainiwa upya mara kwa mara kwa karibu miaka miwili, kazi ile ile bado ipo, wenzako wa meza moja wameongezewa, na pengine meseji ya "mwezi ujao njooni kusaini" imo kwenye simu yako. Hata maneno ya afisa utumishi kwamba ukijifungua utarudi yanasema kitu: nafasi ipo, wanachokwepa ni miezi ya uzazi. Na kama ukionekana ni wewe peke yako hukuongezewa, kifungu cha 7 nacho kinaingia. Siwezi kukuahidi ushindi. Naweza kukwambia kwamba barua iliyogongwa mhuri wiki tatu kabla ya mkataba kuisha hubadilisha kabisa namna watu wanavyoongea nawe kwenye usuluhishi.

Usuluhishi huo unafanyika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wenyewe tunaita CMA, na ofisi yao iko hapa hapa Mwanza. Kufungua shauri hakuna ada na wakili si lazima. Unajaza fomu namba F.1, unampelekea mwajiri nakala kwanza asaini kupokea, ndipo unaiwasilisha Tume. Msuluhishi anawakalisha mezani, na kwa kawaida hatua hiyo inatakiwa imalizike ndani ya siku 30. Mkishindwana, shauri linaendelea kwenye uamuzi, au Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, kutegemea aina ya madai.

Shika siku hizi mbili kama namba ya simu ya mama yako: 30 na 60. Madai ya kuachishwa kazi, pamoja na kutoongezewa mkataba, yanafunguliwa ndani ya siku 30. Mengine, kama ubaguzi ukiwa bado kazini, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Kwako mimi ningeanza kuhesabu kutoka siku ulipohamishiwa chumba cha baridi, si siku uliyosoma jibu hili. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda kwa fomu F.2 na sababu zenye vielelezo, na uzazi au kulazwa ni sababu inayoeleweka, lakini hiyo ni kubahatisha. Najua tabia yetu: tunasubiri kwanza mtoto azaliwe, afikishe arobaini, ndipo tukatafute haki. Siku 30 zinakuwa zimepita ukiwa bado unakunywa uji wa uzazi.

Swali lako la pili ni kama kudai kutakufukuzisha. Inawezekana wakakasirika. Ila kumwachisha mtu kazi kwa sababu ametumia haki aliyopewa na sheria nako ni kosa lenye jina lake kwenye kifungu kile kile cha 37. Zaidi ya hapo, fikiria uko wapi leo: unalipwa siku mbili kwa wiki na umeshaonyeshwa mlango. Ukimya haujakulinda hadi sasa.

Usiende peke yako kama unaweza. Uliza kama kiwandani kuna tawi la TUICO, chama kinachoandikisha wafanyakazi wa viwanda na biashara. Kiongozi wa tawi anaweza kukaa nawe kwenye kikao, na uwepo wake tu hupunguza maneno ya pembeni. Pasipo tawi, Afisa Kazi wa mkoa anapokea malalamiko na ana mamlaka ya kuingia kiwandani kukagua. Suala la chumba cha baridi wapelekee pia OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Kwa kusaidiwa kujaza fomu na kupanga vielelezo, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na hapa Mwanza lipo shirika la Kivulini linaloshughulika na haki za wanawake. (Msomaji mwingine aliye mtumishi wa umma asifuate ramani hii moja kwa moja, njia yake inaanzia kwenye taratibu za utumishi wa umma.)

Supavaiza wako nisingemgeuza adui. Hao nao hupimwa kwa maboksi yaliyotoka, na pengine aliambiwa akutoe mezani. Msalimie kama kawaida. Akikwambia jambo la maana kuhusu nani aliagiza nini, liandike kwenye daftari jioni hiyo hiyo.

Shemeji mwambie hivi. Hasemi ubaya, anataka nyumba itulie. Lakini mfanyie hesabu mezani: likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 kama ni mapacha, na haichukui nafasi ya likizo yako ya mwaka, ni mbili tofauti. Unaweza kuianza wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi daktari akiagiza, na ndani ya wiki sita baada ya kujifungua hutakiwi kufanya kazi bila daktari kuthibitisha kwamba uko sawa. Kwa mtoto njiti, marekebisho ya mwaka 2025 yameongeza muda. Haki hiyo ni mara moja kwa mzunguko wa miezi 36, kwa hiyo kama ulishajifungua ukiwa hapo hapo ndani ya mzunguko huu, nieleze, hesabu itabadilika. Na NSSF wana mafao ya uzazi kwa mwanachama aliyetimiza michango inayotakiwa. Siku unayofuata taarifa ya michango, uliza na hilo. Barua ya kuacha kazi inafuta siku hizo zote 84 kwa saini moja. Akishaona tarakimu, nadhani mtaongea lugha moja.

Ukirudi, unarudi kwa masharti yale yale uliyoondoka nayo, na mwajiri akikataa kukupokea baada ya likizo ya uzazi, kukataa huko kunahesabika ni kukuachisha, siku 30 zinaanza. Anayenyonyesha anapewa hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi akanyonyeshe. Mnaokaa Igogo au Mkuyuni na kufanya kazi karibu mnaweza kutoka katikati ya zamu. Wa Buhongwa au Igoma, ambaye saa nzima itaishia kwenye daladala, aombe kwa maandishi zipangwe mwisho wa zamu atoke mapema.

Kliniki iwe kesho, barua keshokutwa. Wakikujibu, nitumie picha ya jibu lote, pamoja na mhuri na tarehe. Wakikuita tena ofisini kabla hawajajibu, nenda, sikiliza, usisaini chochote, na ukitoka andika walichosema kabla hujapanda daladala.